Aliondoka mzima, akarudi na sukari: mji unamfanyia nini mtu?

Kila tunapofungua simu katika kipindi chetu cha afya, kuna swali lisilokosa kurudi. Mpigaji huwa ni mzazi wa Sengerema, Magu, Kwimba au Ukerewe. Anatueleza kwamba kijana wake aliondoka kijijini akiwa mzima, mtu wa kulima, kuchunga na kubeba magunia. Amekaa Mwanza miaka sita au saba, na sasa amerudi kusalimia akiwa na daftari la kliniki na vidonge vya sukari mfukoni. Mzazi anauliza: huko mjini wanakula nini?

Majibu ya kijiweni tunayajua. Wapo wanaosema kijana amependa chipsi. Wapo wanaosema ni sukari ya kwenye chai. Wengine wanasema kisukari ni ugonjwa wa wakubwa, kwa hiyo kijana amepata pesa na anawaficha ndugu zake. Na wapo wanaonong'ona kwamba kuna mtu amemtupia kitu.

Katika majibu yote hayo, lawama anabebeshwa kijana mwenyewe au jirani yake. Mahali alipokwenda kuishi hapatajwi. Leo tunataka kupazungumzia mahali hapo, kwa sababu tafiti zilizofanyika hapa hapa Tanzania, nyingine katika jiji letu la Mwanza, zinaonyesha kwamba mtaa anaoishi mtu una sehemu kubwa katika kuamua kama atapata ugonjwa huu.

Kwanza tuelewane. Tunazungumzia kisukari cha aina ya 2, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi. Aina ya 1 huanza zaidi utotoni au ujanani, pale kinga ya mwili inaposhambulia kongosho lenyewe. Hiyo haitokani na chipsi wala daladala, na mtoto mwenye aina hiyo anahitaji insulini kila siku ili aishi. Tusimlaumu mama yake.

Namba za zamani zinasema nini

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dk. Donald McLarty, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Dar es Salaam. Yeye na wenzake walipima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Wazee wetu wanaposema kwamba zamani ugonjwa huu hawakuuona vijijini, wanasema kweli.

Miaka michache baadaye, watafiti walilinganisha mji na kijiji kwa kipimo kimoja. Walichukua watu wa Ilala, Dar es Salaam, na watu wa Shari, huko Machame mkoani Kilimanjaro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9 mjini na asilimia 1.7 kijijini. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 5.7 mjini na asilimia 1.1 kijijini. Watu ni wa nchi moja na kipimo ni kile kile, lakini mwanamke wa mjini alikuwa na uwezekano mara tano wa kukutwa na ugonjwa kuliko mwenzake wa kijijini. Watafiti walipotafuta sababu, walikuta uzito mkubwa na kupungua kwa kazi za mwili vinaeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Msikilizaji makini atauliza: labda wanaokwenda mjini ni watu wa aina nyingine tangu mwanzo? Labda walikuwa wanene tayari? Hilo nalo lilitafutiwa jibu. Watafiti waliwafuata vijana na watu wazima 209 waliokuwa wanajiandaa kuhama vijijini Morogoro kwenda Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, kisha wakawafuata huko huko mjini kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2010.

Kabla ya kuhama, wanaume wanane kati ya kumi walikuwa wanafanya kazi nzito za mwili, zile za kutoa jasho. Baada ya miezi kumi na miwili mjini walibaki karibu robo tu. Wanawake walikuwa asilimia 37.8, wakashuka hadi asilimia 15.6. Na uzito? Kwa wastani kila mmoja aliongezeka kilo mbili na ushee, wanaume kwa wanawake. Mwaka mmoja tu.

Tuseme na upande wa pili, maana utafiti huo haukuleta habari mbaya peke yake. Watu wale wale, walipofika mjini, walianza kula matunda na mboga za majani mara nyingi zaidi kuliko walivyokuwa kijijini, na nyama pia. Kwa hiyo jibu la kwamba mjini wanakula vibaya halitoshi. Jembe walikuwa wameliacha, na kilo zikaongezeka ingawa matunda nayo yaliongezeka kwenye sahani.

Sukari inakwama wapi

Kwa kifupi, chakula tunachokula, hasa ugali, wali, viazi, mihogo na mkate, tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia kwenye damu. Insulini inayotengenezwa na kongosho ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango iingie kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari nyingi. Msuli uliokaa hauna haja nayo. Mafuta yanapojaa tumboni na kwenye ini, insulini huanza kushindwa kazi, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na baada ya miaka huchoka. Sukari inabaki kwenye damu, ikiharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu polepole, na mtu hasikii maumivu yoyote.

Ndiyo maana mkulima anaweza kula bakuli kubwa la ugali asubuhi na asidhurike, halafu ugali ule ule ukamletea shida akiwa mlinzi wa getini anayekaa kwenye kiti saa kumi na mbili.

Siku moja Buhongwa

Tuje kwetu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji tunaloliita Mwanza, zina watu zaidi ya milioni moja. Wengi wamekuja wakitokea vijiji vile vile ambako sauti yetu inasikika.

Chukua kijana anayepanga chumba Buhongwa na kufanya kazi ya duka katikati ya jiji. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Hapiki, kwa sababu mkaa ni ghali na muda hana. Anapanda daladala Barabara ya Kenyatta hadi mjini. Kifungua kinywa ni chai ya sukari na maandazi mawili, au chapati, kwa mama lishe aliye karibu na duka. Mchana ni wali maharage au ugali wa sembe na kipande cha samaki wa kukaanga. Jua likiwa kali ananunua soda baridi, kwa sababu inauzwa mlangoni pake na imepozwa tayari. Saa mbili usiku anarudi, foleni ni ndefu, amechoka. Hatua ishirini kutoka chumbani kwake kuna kibanda cha chipsi mayai chenye taa na muziki. Genge la mboga limeshafungwa.

Ukimhukumu kijana huyu kwa kila kitu alichokula, utamkuta na makosa manne. Ukiuliza ni kipi kati ya hivyo alikichagua kutoka vitu vingi, utakuta hakuna. Alikula kilichokuwepo, kwa pesa aliyokuwa nayo, saa aliyokuwa huru. Sisi kwenye redio tumekuwa tukimwambia mtu huyu miaka nenda rudi apunguze mafuta na afanye mazoezi. Tunakiri kwamba ushauri wetu ulikuwa mfupi. Tulimwambia abadilike yeye, na mtaa wake tukauacha kama ulivyo.

Mazoezi yenyewe atayafanyia wapi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Kijijini dakika hizo huisha kabla ya Jumatatu kwisha. Mjini anayetaka kutembea kutoka Igoma hadi katikati ya jiji kwa Barabara ya Nyerere atapita sehemu nyingine akigombania ukingo wa lami na bodaboda. Jioni hakuna taa kila mahali, na mwanamke anayetembea peke yake anafikiria usalama kabla ya kufikiria sukari. Viwanja vya Furahisha vipo, wanaoishi karibu wana bahati. Lakini katika mitaa mingi iliyojengwa bila kupimwa, nyumba zimefuatana na nyumba, na uwanja wa mtoto kuchezea mpira haupo.

Vilima vyetu vina hadithi yake. Anayeishi juu kabisa Igogo, Mabatini au Isamilo, kule kwenye mawe ambako bodaboda inaishia njiani, anapanda na kushuka kila siku hata kama hapendi. Kijana wa kilimani anafanya mazoezi ambayo wa Capri Point anayalipia. Shida huja umri ukienda. Mama mwenye miaka sitini na magoti yanayouma akishaona njia ni ya ngazi za mawe, anaacha kushuka. Anakaa juu, watoto wanamletea chakula, na siku ya kliniki ikifika anaahirisha. Kilima kile kile kilichomlinda akiwa na miaka thelathini kinamfungia ndani uzeeni.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa jiji watalikumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga waliondolewa barabarani nchi nzima na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Mwanza nayo ilihusika. Kando za barabara zikapata nafasi, na kwa mtu anayetembea kwa miguu hiyo ni faida. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo akina mama wa ndizi, matikiti, maparachichi na mchicha, waliokuwa wakikutana na mteja anaposhuka kwenye daladala. Soda haikuondoka, ina friji ndani ya duka. Hatusemi wamachinga warudi katikati ya barabara. Tunasema tu kwamba siku ya kupanga nani auze wapi, sidhani kama kuna aliyeuliza mchicha utakuwa umbali gani na nyumba ya mtu.

Je, ni mtaa kweli au ni mtu?

Kuna wasikilizaji wanaotuandikia kwamba tunawatetea wavivu. Wanasema mtu mwenye nidhamu atakuwa na afya popote utakapompeleka. Hoja hii ilipata jaribio kubwa nchini Marekani.

Kati ya mwaka 1994 na 1998, serikali ya Marekani ilifanya mpango katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zenye watoto, zilizokuwa zikiishi katika mitaa ya umaskini mkubwa, ziligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi zilipewa hati ya kusaidiwa kodi kwa sharti la kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Nyingine hazikupewa hati hiyo. Kwa kuwa ilikuwa bahati nasibu, huwezi kusema waliohama walikuwa na nidhamu zaidi. Wanawake karibu 4,500 waliingia katika mpango huo, na miaka kumi hadi kumi na mitano baadaye walipimwa uzito na damu.

Katika kundi lililopewa nafasi ya kuhamia mitaa bora, wenye unene uliopitiliza sana na wenye kipimo cha damu kinachoonyesha kisukari walikuwa wachache kuliko kundi lisilopewa kitu, kwa tofauti ya zaidi ya watu wanne katika kila mia. Wanawake hawa hawakupewa dawa wala somo la lishe, walibadilishiwa mtaa tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011.

Mwanza si Chicago. Kule maskini ndio wanaoumia zaidi, wakati kwetu kwa muda mrefu kisukari kiliwagusa kwanza wenye gari, mshahara na nyama ya kila siku. Hapo ndipo lilipotoka jina la ugonjwa wa wakubwa. Lakini chakula cha mafuta na sukari kinavyozidi kuwa rahisi kuliko mboga, na kazi ya kukaa inavyozidi kuwa kazi ya watu wa chini pia, jina hilo linazeeka. Mlinzi, fundi cherehani, dereva wa bajaji na muuza duka hawana ukubwa wowote, na wote hufanya kazi wakiwa wamekaa.

Kifua kikuu na sukari katika nyumba moja

Jambo hili hatulisikii sana redioni, na kwa watu wa kanda ya ziwa lina uzito wake. Watafiti wa hapa Mwanza walipima sukari kwa wagonjwa 803 wa kifua kikuu, kisha wakapima watu 350 wa mitaa hiyo hiyo wasio na kifua kikuu. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Wagonjwa wa kifua kikuu waliokutwa na kisukari walikuwa asilimia 16.7. Majirani zao walikuwa asilimia 9.4.

Kisukari hudhoofisha kinga ya mwili, na mdudu wa kifua kikuu hupata nafasi. Halafu chumba ni kidogo, wanalala watano, dirisha limezibwa na ukuta wa jirani. Taarifa ya pili ya utafiti huo, ya mwaka 2013, ilionyesha kwamba mgonjwa wa kifua kikuu mwenye kisukari alikuwa na hatari ya kufa mara tano zaidi katika siku 100 za mwanzo za matibabu. Kwa hiyo kama una ndugu ameanza dawa za kifua kikuu, muulize kama amepimwa sukari. Kama hajapimwa, akirudi kliniki aombe kipimo hicho.

Barabara inaleta mji hadi kijijini

Sasa tukugeukie wewe unayesoma haya ukiwa umekaa chini ya mwembe, ukidhani ni habari za watu wa mjini.

Nenda Kisesa, kilomita kama ishirini mashariki mwa jiji kwenye barabara ya kwenda Musoma. Au nenda Usagara, pale njia ya Shinyanga inapoachana na ya Sengerema na Geita. Watu wazima wa huko wanakumbuka mashamba. Leo ni fremu za maduka, magodoro, bodaboda zimepanga mstari, na kila nyumba kumi kuna karai la mafuta ya kukaangia. Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, urefu wake kilomita tatu, na safari iliyokuwa ya kusubiri kivuko sasa ni ya dakika chache. Ni furaha kubwa, hasa kwa mjamzito aliyekuwa anakesha upande wa pili. Tunajua pia kwamba gari la soda nalo halisubiri tena kivuko.

Angalia ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mahindi yalikuwa yanasagwa dona. Siku hizi yanakobolewa kwanza, kwa sababu mgeni akipewa dona anaona hakuheshimiwa. Kukoboa kunaondoa ganda na kiini, unabaki na unga mweupe unaogeuka sukari haraka. Michembe na matobolwa, ambavyo watoto wa Kisukuma walikuwa wanatafuna asubuhi, vinaonekana chakula cha dhiki, na mtoto anapewa biskuti. Aliyekuwa anakwenda mnadani kwa baiskeli anapanda bodaboda. Mafuta ya kupikia yanauzwa ya kupima hata kwenye duka la mwisho kabisa la kitongoji. Huko mwaloni na kwenye kambi za wavuvi visiwani, ambako kila kitu hununuliwa na hakuna shamba, maisha yamekuwa ya mjini siku nyingi, isipokuwa hospitali tu haipo.

Bado tuna muda. Utafiti wa kaya uliofanywa kaskazini magharibi mwa Tanzania na kusini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kisukari kati ya asilimia 1 na 4 kulingana na eneo. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulitoa asilimia 9.1. Tafiti hizi hazikutumia njia moja ya kupima wala watu wa aina moja, kwa hiyo usizipange kama ngazi. Lakini utafiti wa kanda yetu ulikuta pia shinikizo la juu la damu kwa watu wazima kama 16 au 17 katika kila mia kwa upande wa Tanzania, na lilikuwa juu mjini na vijijini vile vile, tena kwa vijana wengi. Presha na sukari ni ndugu, huletwa na mambo yanayofanana. Ndugu mmoja ameshafika kijijini.

Ugonjwa uko hapa, kipimo kiko Bugando

Mtu akigundulika na kisukari akiwa mjini, angalau kliniki ipo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ile iliyo juu ya kilima tangu mwaka 1971, ina wataalamu. Sekou Toure ipo chini yake. Akirudi kijijini, anarudi kwenye zahanati.

Kati ya mwisho wa mwaka 2012 na katikati ya 2013, watafiti walitembelea vituo 24 vya umma na vya mashirika kaskazini magharibi mwa nchi: hospitali nne, vituo vya afya vinane na zahanati kumi na mbili. Waliangalia kama vinaweza kumhudumia mgonjwa wa presha au kisukari. Hospitali zilikuwa na unafuu. Zahanati ndizo zilizokuwa na upungufu mkubwa zaidi, wa miongozo, wa vifaa vya msingi vya kupimia, wa dawa za kuanzia na wa mafunzo kwa watumishi. Miaka imepita, na Novemba 2019 serikali ilizindua mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Baadhi ya zahanati zimebadilika. Hata hivyo bado tunapokea simu za watu wanaosema mashine ya kupimia sukari ipo mezani, ila vijiti vyake vimekwisha.

Bila vijiti mashine hiyo haina kazi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui.

Kwa hiyo zijue dalili. Kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi hasa usiku, kupungua mwili bila sababu, kuona ukungu, ganzi miguuni, kidonda kisichopona, fangasi sehemu za siri wanaorudi rudi. Usisubiri uwe mnene. Wembamba pia wanaugua. Ukipimwa asubuhi kabla hujala, kipimo cha 7.0 au zaidi kinahesabiwa kisukari, na kwa kawaida hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 umekaribia, na hapo ndipo kutembea na kupunguza uzito kunafanya kazi kubwa zaidi. Ukipimwa saa yoyote ikasoma 11.1 au zaidi na una dalili, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama tayari unatumia dawa, usiziache kwa sababu umeambiwa kuna majani au maombi yanayomaliza sukari. Tumewapoteza wasikilizaji kwa njia hiyo.

Upande wa mahali, yapo mambo ambayo hayasubiri Dodoma. Katika vijiji vingi vya kando ya barabara viwanja vinapimwa sasa hivi, na uwanja wa mpira ukishakatwa viwanja vya kuuza haurudi tena. Mstari wa waenda kwa miguu kando ya barabara ya kata ni rahisi kuutenga kabla fremu hazijajengwa, baada ya hapo ni fidia na kesi. Mashine ya kusaga inaweza kusaga dona kama wateja watalitaka. Shule ndiyo inayoamua ni nani auze getini pake wakati wa mapumziko, na auze nini.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu. Mkutano wenu ujao ukifika kwenye mengineyo, simama uulize mambo mawili: zahanati yetu ina vijiti vya kupimia sukari leo, na katika ramani ya viwanja, uwanja wa watoto uko wapi? Kisha tutumie ujumbe mfupi, utaje kijiji na kata, utuambie mlijibiwa nini. Tutausoma hewani, na yale yatakayohitaji majibu ya halmashauri tutayapeleka kwa mganga mkuu wa wilaya na kumwomba aje studio ajibu mwenyewe.